Muulize Mama Mwalimu: Mshale wa sambaza

*Jambo Mama Mwalimu. Mimi nauza sambaza soko la Kadutu, huu ni mwaka wa tisa. Mtoto wangu wa sekondari aliambiwa achore mnyororo wa chakula wa ziwa letu la Kivu. Aliwataja viumbe wote vizuri, lakini mshale akautoa kwa sambaza kwenda kwa vijidudu, maana sambaza ndiye anayekula. Wakamnyima alama zote, na pembeni wakaandika kwa wino mwekundu "waozeshaji wako wapi?" bila kueleza lolote. Mtoto alilia. Je, mshale unaelekea wapi? Na hao waozeshaji wanahusiana nini na samaki ninayeuza? Aksanti.*
*Mama wa sambaza, Bukavu*

Mama, kwanza mpe mtoto pole zangu. Nimefundisha biolojia miaka 31 hapa Bukavu, na kosa hilo nimelisahihisha kila mwaka, hata kwa watoto wenye akili sana. Yeye alichora nani anamfuata nani. Mshale wa mnyororo wa chakula unaonyesha jambo jingine: chakula kinaingia tumbo la nani. Mwambie atamke kabla hajachora, na mahali pa mshale aseme "analiwa na". Kijidudu analiwa na sambaza. Sambaza analiwa na mtu. Kalamu ifuate maneno hayo, hatakosea tena. Mimi ningempa nusu ya alama, kwa sababu kuwajua viumbe wenyewe ndiyo kazi ngumu.

Sasa mfanyieni hivi. Kesho alfajiri, kabla hujaanika, chagua sambaza mmoja mbichi wa usiku uleule, umpasue tumbo kwa wembe juu ya sahani nyeupe, udondoshe tone la maji. Kitatoka kitu kama uji mzito. Mkiazima lenzi ya kukuzia, katika uji huo mtaona vipande vya vijidudu, na mkibahatika mtampata mmoja ambaye hajasagika: mwili kama punje, mkia uliogawanyika, jicho moja tu katikati ya kichwa. Akiwa jike mwenye mayai, ana vifuko viwili vya mayai vinavyoning'inia ubavuni. Huyo ni kopepodi. Niliwahi kuwaonyesha wanafunzi wangu kwa hadubini moja ya darasa zima, wakapanga foleni mara mbili.

Kopepodi naye anakula vijimea vya majini, vidogo hata jicho halivioni kimoja kimoja. Unaona tu maji yamegeuka ya kijani kidogo. Vijimea hivyo havili mtu. Vinachukua mwanga wa jua, maji na hewa ya ukaa, vinajipikia. Ndiyo maana tunaviita wazalishaji, na wote wanaofuata ni walaji: kopepodi wa kwanza, sambaza wa pili, wewe na mimi wa tatu. Lakini asiyakariri majina hayo kama majina ya koo. Ni majina ya kazi. Ukila sombe leo mchana wewe ni mlaji wa kwanza, ukila sambaza jioni umehamia ngazi nyingine. Hata sambaza mkubwa wakati mwingine humeza watoto wa sambaza, na hapo amepanda ngazi bila kubadili jina.

Wavuvi wetu wanaujua mnyororo huu kwa mikono. Jioni vijidudu hupanda kutoka vilindini, sambaza huwafuata, na taa za mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja huwakusanya juu ya wavu. Mwezi ukiwa mpevu taa inakosa nguvu, nawe sokoni unakosa mzigo.

Na huyu sambaza si mwenyeji. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, kwa sababu huku Kivu, katikati ya ziwa, hakukuwa na samaki wa kuwala vijidudu hao. Babu yangu wa Idjwi alituambia kwamba ujana wake wote hakuwahi kuonja sambaza, nasi hatukumwamini. Sambaza alipozoea, kijidudu mmoja mnene na mzito wa kukimbia, dafnia, alitoweka kabisa. Ukiongeza mlaji mmoja, kuna mwingine chini yake atakayelipa.

Kwa hesabu tunayotumia darasani, ni kama sehemu moja ya kumi tu ya chakula inayopita kutoka ngazi moja kwenda nyingine. Kilo moja ya sambaza katika beseni lako imekula kilo 10 hivi za vijidudu, nao wamekula kilo 100 hivi za vijimea. Mtoto akikuuliza kwa nini samaki hawaongezeki bila mwisho, mpe hesabu hiyo.

Haya, waozeshaji. Hapa ndipo ninapomwunga mkono aliyeshika wino mwekundu, ingawa angeeleza. Vitabu vingi huwaweka mwisho wa mstari, kama wafagiaji wanaokuja soko likishafungwa. Kwa ziwa letu mimi huanza nao.

Vijimea vinapokufa, na mavi ya samaki, na mizoga, vyote hushuka kama vumbi lisilokoma. Bakteria, ndio waozeshaji wenyewe, huvivunjavunja, na fosforasi na nitrojeni zilizokuwa ndani zinafunguliwa, ndiyo mbolea ya vijimea vipya. Kazi hiyo ikifanyika juu, mbolea inarudi kazini mara moja. Lakini Kivu ina kina cha mita 485, na kuanzia mita 60 hivi kwenda chini hakuna oksijeni. Kule wanafanya kazi waozeshaji wengine wasioihitaji, na hao ndio wanaotengeneza methani, ile gesi ya kuwaka inayozungumzwa sana: kilomita za ujazo 60 hivi zimeyeyuka humo, pamoja na hewa ya ukaa mara tano yake. Maji ya chini ni mazito kwa chumvi na gesi, hayapandi ovyo. Mbolea ya karne nyingi imefungiwa humo kama ghala lisilo na ufunguo.

Mlango unafunguka kidogo wakati wa kiangazi. Kati ya Juni na Septemba upepo unapoza maji ya juu, yanakuwa mazito, yanajichanganya na ya chini yake hadi karibu na mpaka ule, na mbolea kiasi inapanda. Vijimea vinaongezeka, kopepodi wanaongezeka, sambaza anapata kula. Basi mtoto achore mshale kutoka kwa kila kiumbe kwenda kwa waozeshaji, kisha mshale wa nukta kutoka kwao kurudi kwa vijimea, aandike juu yake "mbolea". Wa nukta, kwa sababu mbolea hurudi, ila nguvu ya jua hairudi. Hiyo huishia kuwa joto.

Na asiwaandike mwewe na mbwa wanaogombania matumbo ya samaki pale sokoni. Hao wanameza kwa mdomo, ni walaji wa mizoga. Mwozeshaji humwaga maji yake ya kumeng'enya nje ya mwili, kisha hufyonza kilichoyeyuka.

*Mama Mwalimu, huku kwetu mvua zikianza tunachuma uyoga juu ya vichuguu. Je, uyoga ni mmea? Na mchwa ni mwozeshaji?*
*Msomaji, Lubumbashi*

Uyoga si mmea, ndugu yangu. Hauna ukijani, haujipikii kwa jua. Ni tunda la kuvu, na kuvu ni mwozeshaji hodari wa miti, kazi ambayo wanyama wachache sana wanaiweza peke yao.

Mchwa wa vichuguu vyenu wamepata njia: wanalima. Wanatafuna miti na majani makavu, wanajenga masega ndani ya kichuguu, na kuvu huota juu yake akilainisha kile ambacho mchwa hawakimudu. Kisha mchwa hula sega lililoiva pamoja na kuvu wenyewe. Mchwa ni mlaji, kuvu ndiye mwozeshaji, na wote wawili wanakaa nyumba moja. Safari nyingine usiung'oe uyoga kwa haraka. Chimba taratibu ukifuata shina lake. Litateremka kama mzizi mrefu mweupe, na mwisho wake utalikuta sega, la kahawia, jepesi, lenye vidoti vyeupe kama punje za chumvi, na mchwa wadogo wakipita katikati yake.