Kiraka cha moyo kikishukia Tanga: soma karatasi kabla ya kufungua boksi

Mfadhili akiiambia hospitali yako kuwa viraka vyake vya moyo, vipande vya tishu vya kushonea moyo, vina kibali cha Marekani, mshukuru, kisha muulize: kibali cha kazi gani? Viraka vingi vya utando wa moyo wa ng'ombe hupitia FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, kwa njia ya 510(k), ambapo mtengenezaji huonyesha kuwa kifaa chake kinalingana na kingine kilichokwisha kuruhusiwa. Kibali hicho hutaja matumizi. Kiraka kilichoruhusiwa kufungia utando wa nje tu hakijaruhusiwa kuziba tundu baina ya vyumba vya moyo, na hapo ndipo wengi hujikwaa.

Tena hapa nyumbani kibali hicho hakitoshi. Mzigo unaoshushwa bandari ya Tanga, wa kuuza au wa msaada, unahitaji ruhusa ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania, iombwe kabla haujapakiwa melini. Tishu ya mnyama hukiweka kifaa daraja D, la hatari kubwa kuliko yote, kwa hiyo tegemea faili nene. Jina la mtengenezaji, anwani ya kiwanda na namba ya modeli vifanane herufi kwa herufi kwenye boksi, cheti na ankara. Kampuni ikinunuliwa na nyingine, boksi huja na jina jipya huku cheti kikibaki na la zamani. Omba mapema barua ya kueleza hilo. Na ankara iseme "kiraka cha moyo, utando wa ng'ombe", si "vifaa vya hospitali". Mawakala wa forodha wanapenda ufupi, lakini gharama za bandarini utalipa wewe.

Karatasi ya mnyama, yaani cheti cha asili ya tishu, isome mara mbili. Glutaraldehaidi, dawa inayoimarisha utando, huua vijidudu vingi, lakini haiwezi kutegemewa dhidi ya kisababishi cha ugonjwa wa ng'ombe kichaa. Kinga iko kwa ng'ombe mwenyewe: katoka nchi gani, kakaguliwa na nani, kachinjwaje. Cheti kisichotaja nchi kirudishe. Karatasi hiyohiyo itamjibu mzazi wa Pongwe au Pangani anayempeleka mwanawe JKCI, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam: ni ng'ombe au nguruwe? Viraka vya utumbo wa nguruwe vipo, na vimeruhusiwa Marekani. Ajue kabla hajasaini fomu ya ridhaa, si baadaye.

Kwa viraka vya kwenye chupa, tazama kwanza lakiri, kisha maji ya dawa yanayokihifadhi kiraka. Chupa ikivuja, au kiraka kikiwa kimebaki nje ya dawa, hakifai. Usikitie kwenye friza: barafu huharibu nyuzi na kwa macho huoni kitu. Kontena lililoshinda juani nalo lina madhara yake, ndiyo maana baadhi ya maboksi huwa na kiashiria cha joto. Kisichemshwe wala kuingizwa kwenye mtambo wa mvuke.

Kusuuza kwa maji ya chumvi ya hospitali hufuata kijikaratasi cha ndani: mabakuli mangapi, dakika ngapi. Vingine havihitaji kusuuzwa kabisa, kwa hiyo usitumie mazoea ya chapa nyingine. Stika moja ya namba ya toleo, yaani ya kundi lililotengenezwa pamoja, ibandikwe kwenye faili la mgonjwa, nyingine kwenye daftari la stoo. Mtengenezaji akitaka toleo zima lirudishwe kwake, hizo ndizo zitakazokuonyesha mtoto gani wa kumpigia simu.