Msiunyooshe Msuko: Kwa Mnaoanza Kusoma Tawasifu za Msiba

Mnaoanza uhakiki mwaka huu, mkipewa Blue Nights, tawasifu ya mwandishi Mmarekani Joan Didion kuhusu kufiwa na binti yake, mtatamani kufanya nilichofanya mimi: kukinyoosha kitabu. Nilipanga matukio yote kwa tarehe. Quintana, binti yake wa kuasili, anafunga ndoa New York tarehe 26 Julai 2003. Desemba hiyohiyo anaugua sana, na kabla mwaka haujaisha baba yake anafariki. Agosti 2005 Quintana naye anafariki, akiwa na miaka 39. Mwalimu aliandika pembeni mwa insha yangu: "Hii ni ratiba. Uchungu uko wapi?"

Jibu nililipata msibani, nimekaa jamvini karibu na mama aliyefiwa na mwanawe. Kila walipoingia waombolezaji wapya alisimulia upya, ila hakuanzia ugonjwa. Alianzia shati la shule lililokuwa bado kambani, halijakauka. Analitaja, ananyamaza, anauliza kama wageni wamepata chai, kisha anarudi kwenye shati. Sikumsikia hata mara moja akifika hospitali.

Nikakisoma kitabu tena kwa sikio hilo. Didion anaanzia Julai 26, 2010, siku ambayo binti yake angetimiza miaka saba ya ndoa. Anataja maua meupe ya stefanotisi yaliyochomekwa kwenye msuko wa nywele, na soli nyekundu za viatu zilizoonekana bibi harusi alipopiga magoti madhabahuni. Masimulizi yanarukia utotoni mwa binti, yanarukia uzee wa mama, halafu yanarudi maua yaleyale, soli zilezile. Aya nyingine ni sentensi moja tu, au swali la mama anayejiuliza alimlea vipi. Kifo chenyewe hakipewi simulizi iliyonyooka.

Basi someni na penseli mkononi. Kitu kikirudi, kiwekeeni alama. Kuandika "ametumia takriri", yaani amerudiarudia, kutawapa maksi, lakini bado hamjasema kitu. Rudini kwenye sentensi iliyotangulia muone ilikuwa inaelekea wapi kabla mama hajageuza njia. Someni pia kwa sauti, na penye nafasi tupu kati ya aya nyamazeni kweli. Tumezoea kuandika fani huku, maudhui kule. Kwa kitabu hiki, tafadhali sana, msivitenganishe.

Insha ile niliiandika upya. Safari hii nilianzia kwenye soli za viatu.