Si wingi wa seli, ni kazi yake
Je, mwenye ngozi nyeusi ana seli nyingi za rangi kuliko mwenye ngozi nyeupe? Hapana, idadi inakaribiana. Seli hizo, melanosaiti, hukaa chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi. Humo kimeng'enya cha tairosinesi huigeuza asidi amino ya tairosini kuwa melanini, yaani rangi yenyewe ya ngozi, ndani ya vifuko vidogo viitwavyo melanosomu. Hapa ndipo penye utamu: melanosaiti moja hunyoosha matawi membamba kama vidole na kuzigawia vifuko hivyo seli jirani zipatazo 36. Seli iliyopokea huvipanga juu ya kiini chake kama mwavuli, upande wa jua, ili miale ya urujuanimno isiharibu DNA. Kwenye ngozi nyeusi vifuko ni vikubwa, hukaa kimoja kimoja na huchelewa kuvunjwa. Kwenye nyeupe ni vidogo na hufungwa kwa mafungu.

Na tafadhali usichanganye ualbino na vitiligo, ugonjwa wa mabaka ya ngozi. Mwenye ualbino seli anazo, ila hazitengenezi melanini ya kutosha. Kwenye vitiligo seli zenyewe hufa, zikishambuliwa na kinga ya mwili, ndiyo maana mabaka huwa meupe pe.