Saa elfu za mchana: kwa marubani wanaoanza kuruka pwani

Juma lililopita, nikiwa nasubiri abiria wa Pemba, nilimkuta rubani mmoja kijana ameketi kwenye benchi la muuza kahawa nje ya uwanja wa ndege wa Tanga, kashata mkononi, kitabu cha saa, kile ambamo rubani huandika kila safari aliyoruka, kimefunguliwa mapajani, akijaza safari za miezi mitatu kwa kukumbuka. Aliponiona alisimama, akasema, "Shikamoo, kapteni," nami nikaitikia marahaba huku nikiitazama kalamu yake. Ilikuwa ikienda kasi mno. Mtu anayenakili hutua kidogo kutazama karatasi ya pili, na yule karatasi ya pili hakuwa nayo.

Nina miaka 22 kwenye Caravan, ndege ndogo ya injini moja, katika pwani hii, na kila mwaka huja kijana mwenye adabu ananiuliza kwa nini sikuhamia ndege kubwa, kwa sauti ile ile ambayo watu humuulizia bibi harusi aliyeachwa. Hakuna aliyenizuia. Vizuizi vyangu nilivijenga mwenyewe, kimoja kimoja, nikiwa mwenye furaha kabisa, na kwa kuwa nawaona mnakusanya matofali yale yale, nimeamua kuandika.

La kwanza ni saa za usiku. Wote mnajua kwamba ATPL, leseni ya juu kabisa ya urubani, inadai saa 1,500, lakini mnaitaja namba hiyo kana kwamba imekuja peke yake, ilhali kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinataka ndani yake saa 100 za usiku na saa 75 za kuruka kwa kutegemea vyombo. Sasa tazameni kazi yetu ilivyo. Tanga hadi Pemba ni kama dakika 20, Unguja hadi Dar es Salaam ni vivyo hivyo, siku ya miruko minane inakupa saa mbili na ushee, na kwa kuwa viwanja vidogo vingi tunavyotua havina taa, magharibi ikiadhiniwa ndege zimekwisha kufungwa kamba na sisi tuko nyumbani tunakunywa chai. Kwa mtindo huo mtu hufikisha maelfu ya saa za mchana mweupe na leseni bado inamkimbia. Mimi nilipotimiza saa 3,000 nilikuwa na saa 41 za usiku, karibu zote za shule ya urubani, na nilikuwa nikijisifu kwamba rosta yangu ni nzuri kwa sababu nawahi kurudi. Ombeni zile safari za jioni za Dar es Salaam ambazo wenzenu wanazikimbia.

La pili, kiti cha kulia, yaani cha rubani msaidizi. Caravan imeidhinishwa kuendeshwa na rubani mmoja, kwa hiyo msidhani kila saa mliyoketi hapo itahesabiwa nzima. Kwa kanuni za kimataifa, pale ambapo mamlaka ya nchi ndiyo inayodai rubani msaidizi, kwa kawaida ni nusu tu inayoingia kwenye hesabu ya leseni ya juu, na pale ambapo haimdai, ulizeni kabla ya kuandika.

La tatu ni kitabu chenyewe, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu jambo hili sijawahi kulisimulia nikiwa nimevaa sare.

Mwaka 2011 niliitwa kwenye usaili na shirika moja la nje lenye ndege za jeti. Saa zilikuwa zimetimia, zile za usiku zikiwamo, kwa jasho. Tatizo ni kwamba kwa miaka kadhaa nilikuwa naandika safari zangu kwanza kwenye daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, kisha nahamishia kwenye kitabu pale ninapopata wasaa, na wasaa ulikuwa haupatikani. Vuli ya mwaka uliotangulia daftari lile lilisahaulika kwenye kiti cha gari, dirisha likiwa wazi kwa upana wa vidole viwili. Asubuhi nilipolifungua, wino wa miezi minne ulikuwa umekuwa doa moja la buluu, kama ramani ya bahari isiyo na visiwa.

Nilichopaswa kufanya ni kwenda kwa mwajiri, kuomba rekodi za kiufundi za ndege, na kunakili safari zangu mstari kwa mstari, kazi ya siku tatu au nne na aibu kidogo mbele ya karani. Badala yake niliketi sebuleni kwangu Chumbageni, mke wangu akikaanga samaki, nikajaza miezi minne kwa jioni moja. Sikuongeza saa hata moja, na jambo hilo ndilo lililonidanganya, kwa maana nilijiambia kwamba ninachoandika ni kweli, tarehe tu ndizo za kukisia. Niliandika kwa mwandiko mzuri, namba za usajili wa ndege, idadi ya kutua, yote. Nilifika mahali nikafurahia.

Kwenye usaili walikuwa wawili. Mwanamume aliuliza maswali, na mama mmoja wa makamo, mwenye miwani, hakusema neno kwa muda mrefu, anafunua tu kurasa. Kisha akaweka kidole mahali, akaniuliza kwa upole, "Kapteni, kwenu Juni ina siku ngapi?" Nilijibu thelathini, haraka, kama mtoto wa darasa la tatu, na nilipomaliza kutamka ndipo nilipotazama chini ya kidole chake: 31 Juni, Tanga, Pemba, Unguja, saa 1.2. Hakucheka. Aliniambia, "Huenda saa hizi zote uliziruka. Sisi hatuna njia ya kujua ni zipi." Kwenye simuleta, mashine ya kuigiza urukaji wanayompimia rubani, sikufikishwa.

Nilirudi kwa basi. Pale Segera, gari linapokata kulia kuja Tanga, abiria walishuka kununua machungwa, nami nikabaki kwenye kiti nikihesabu miezi kwa vifundo vya ngumi jinsi tulivyofundishwa utotoni, kifundo siku 31, bonde siku 30, na kila mara Juni ilianguka bondeni. Nyumbani nilisema wamesema watanipigia simu. Nililisema hilo kwa miaka miwili.

La nne, kiti cha ukapteni ni kitamu. Wenzetu wa Marekani wanalijua vizuri, kwa kuwa kule cheo cha rubani hufuata namba yake ya kuingia kazini, ndiyo inayoamua ndege, kituo, rosta na mshahara, na namba hiyo haihamishiki. Kapteni wa miaka 15 katika shirika la mikoani akihamia shirika kubwa anaanza mkiani, msaidizi wa mtu ambaye pengine ni mdogo kwake, na wapo wengi waliopiga hesabu ya ada za watoto na rehani ya nyumba wakaamua kubaki walipo hadi kustaafu. Siwacheki. Nami baada ya 2011 nilipata nafasi mbili za kuwa rubani msaidizi kwenye ndege za ATR, kubwa kuliko Caravan, na mara zote mbili niliangalia mshahara wa kuanzia, nikaangalia baraza yangu na upepo wa kusi unaotoka Raskazone, nikasema mwakani. Tofauti ni kwamba wale waliamua. Mimi niliahirisha.

La tano: ukitimiza miaka 40 na unabeba abiria peke yako, cheti cha afya ni cha miezi sita, basi anza kutembea sasa na upunguze chapati.

Tuje kwa kijana wetu. Nilikitwaa kitabu chake, nikashuka na kidole kwenye safu ya tarehe, nikakuta ameandika Tanga hadi Pemba dakika 55. Nikamuuliza kama alipitia Mombasa kusalimia. Akacheka, kisha akanyamaza, akafunga kalamu. Rekodi za ndege ziko Dar es Salaam, nikamwambia, na karani anayezitunza hufika saa mbili asubuhi. Abiria wangu walikuwa wamekwisha kuanza kutoka na mizigo yao, nikanyanyuka. Kahawa alilipa yeye.