Kuridhika sio kujifanya huna shida

Juzi dada mmoja kanitumia meseji, mume wake kaachishwa kazi, ada ya watoto bado, na kila akienda kanisani anaambiwa "mshukuru Mungu tu mama", sasa anauliza mtu unaridhikaje na unga umeisha ndani.

Dada yangu, mi nimepita hapohapo. Mume wangu alipopunguzwa kazini tulihama Tabata tukapanga chumba kimoja Chanika, nikawa nakaanga maandazi alfajiri nauza kituoni huku marejesho ya kikoba yananisubiri. Na wala sio umaskini ulioniuma. Ni wale wapendwa niliokuwa nawapikia kila sherehe, hata simu hawakupiga, na mpaka leo nikikumbuka roho inauma jamani.

Kilichonishika ni barua ya Paulo kwa Wafilipi. Watu wanakimbilia "nayaweza mambo yote" wanabandika kwenye magari, ila soma mistari ya juu yake, anasema amefundishwa kushiba na kuona njaa, na hapo anaandika akiwa kifungoni! Halafu anawaandikia watu wa Filipi, mji uleule alikopigwa bakora yeye na Sila wakafungwa miguu kwenye mkatale, na usiku wa manane wakaimba mpaka wafungwa wengine wakawasikiliza. Kwa hiyo sio maneno ya mtu aliyeshiba.

Sasa fanya hivi. Ukiamka, kabla hujashika simu, mwambie Mungu shida yako kama ilivyo, kodi sema kodi, njaa sema njaa. Yule mama wa kwenye Biblia aliyekosa mtoto, Hana, alilia mbele za Bwana mpaka kuhani Eli akadhani amelewa, na alipotoka pale akala chakula na uso wake haukukunjamana tena, mtoto akiwa bado hajapatikana. Status za watu achana nazo kabisa. Mimi utulivu ulinijia hivyo, polepole, madeni yakiwa palepale.

Na nyie wa "shukuru tu" mnisikilize. Paulo huyohuyo aliyeridhika alipokea vitu alivyoletewa na Epafrodito, mjumbe wa hao Wafilipi, tena akawaambia wamefanya vema kushiriki dhiki yake. Kwa hiyo dada ukiletewa unga pokea, usione aibu. Na wewe mpendwa unayemjua mama wa namna hiyo hapo mtaani kwako, mpelekee leo, mstari wa Biblia utamtumia jioni.