Maswali na majibu: Hachibaki za kifahari zitauzika Marekani?

Kwa nini Wamarekani hawapendi hachibaki? (Msomaji, Dallas)

Swali hili haliishi kuja, na kila mara linasimama kwenye msingi mbovu. Wamarekani wanazinunua kila siku. Simama kwenye maegesho ya duka lolote kubwa uhesabu BMW X1, Audi Q3 na Mercedes GLA. Mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu pamoja na kioo chake, viti vya nyuma vinalala, buti na kabini ni chumba kimoja. Hiyo ni hachibaki. Imeinuliwa kidogo, ikavikwa plastiki nyeusi juu ya magurudumu, bei ikapanda, ikapewa jina jingine.

Sheria nayo imechangia kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya 1975 iliweka viwango vya ulaji wa mafuta, na malori mepesi (pikapu, vani na SUV) yakapewa kipimo chao, chenye nafuu kuliko cha magari ya abiria. Gari lenye fowili likitimiza masharti manne kati ya matano ya umbo, likiwamo la uwazi wa sentimita 20 kutoka barabarani hadi tumboni, linahesabiwa lori. Subaru walilitumia hilo bila kificho: Outback ya 2005, ambayo kwa macho ya mtu yeyote ni stesheni wagoni, iliinuliwa ikaingia kundi la malori. Aliyeliacha gari lake chini hakupata nafuu hiyo. Kisha mwaka 2025 Bunge la Marekani likashusha faini za kukiuka viwango hivyo hadi sifuri. Kampuni iliyokuwa inaweka gari dogo sokoni ili kusawazisha ulaji wa magari yake makubwa, sasa haina sababu hiyo tena.

Kwa hiyo tuache kumlaumu mnunuzi peke yake. Mercedes walipoleta A-Class Marekani kwa mwaka wa 2019, walileta saluni tu, yaani gari lenye buti iliyotengwa na kabini. Hachibaki yake ikaenda Kanada. Mtu hawezi kukataa asichowekewa mezani.

Kuna aliyewahi kujaribu kweli? (Msomaji, Minneapolis)

Wengi, na makosa yao yanafanana. BMW 318ti iliuzwa Marekani kuanzia 1995 hadi 1999. Mbele ilikuwa 3 Series mpya, lakini sasipensheni ya nyuma na dashibodi zilitoka kwenye 3 Series ya kizazi kilichopita, na injini ilikuwa ya silinda nne. Mnunuzi aliyekaa ndani aliona pesa zilipobanwa. Mercedes wakaja na C230 Kompressor ya milango mitatu mwaka 2002, wakaiondoa baada ya 2005. Volvo C30 ilikuwa nzuri sana kwa sura, ila ilikuwa na viti viwili tu nyuma, na mlango wake wa kioo uliacha tundu dogo la kupitishia mizigo. Hachibaki isiyopitisha friji ndogo imeshapoteza hoja yake kuu.

Audi A3 ya milango mitano, 2006 hadi 2013, ndiyo iliyokaribia kufaulu. Tatizo lake lilikuwa Golf GTI ya Volkswagen: chasi ya ukoo mmoja, injini ya turbo ya lita 2.0 ile ile, kwa bei ya chini. Upande wa juu A4, Audi kubwa zaidi, ilikuwa inaichungulia. A3 ikabanwa katikati.

Hapo ndipo penye jipu. Mmarekani hupima thamani ya gari kwa urefu wake, na watu wengi wa magari ya kifahari hawanunui, wanakodi kwa miaka mitatu. Malipo ya mwezi yanatokana na tofauti kati ya bei ya leo na bei inayokadiriwa gari litakaporudi. Gari dogo likikadiriwa kurudi na thamani ndogo, malipo yake yanalingana na ya gari kubwa zaidi la nembo hiyo hiyo. Anayekodi anaangalia karatasi mbili zenye tarakimu zinazokaribiana, anachukua kubwa. Mtengenezaji anayetaka hachibaki yake iuzike aanze kwa kurekebisha hesabu ya ukodishaji kabla hajalipia tangazo hata moja.

Ushuru wa 2025 wa Marekani kwa magari ya nje umebadilisha nini?

Umelipiga gari dogo kuliko kubwa. A3 inatoka Ingolstadt na GTI inatoka Wolfsburg, wakati gari kubwa kama BMW X3 linaundwa Spartanburg, South Carolina. Gari la Ulaya lilikuwa likilipa asilimia 2.5, Aprili 2025 ikaongezwa asilimia 25 juu yake, kisha makubaliano na Umoja wa Ulaya yakashusha jumla hadi 15. Faida ya gari dogo ni nyembamba tangu mwanzo. Usitegemee hachibaki mpya ya Ulaya kuletwa Marekani katika hali hii, labda kiwanda kihamie huko.

Nimeona Audi A3 ya 2007, 2.0T, maili 110,000, bei rahisi mno. Ninunue? (Msomaji, Columbus)

Usilipe kabla ya kuona kikombe cha pampu. Injini hii ya FSI (jina la Audi kwa injini inayopulizia petroli ndani ya silinda), yenye herufi za utambulisho BPY, ina pampu ya petroli ya presha kubwa inayosukumwa na kemu, shafti inayofungua vali. Kati ya kemu na pampu kuna kikombe kidogo cha chuma. Kikombe hicho huliwa. Kikitoboka, ncha ya pampu inasaga kemu yenyewe, presha inaanguka, gari linakosa nguvu, na gharama inahama kutoka kwenye kikombe cha bei ndogo kwenda kwenye kemu na pampu nzima.

Fundi ashushe presha ya mafuta kwanza, injini ikiwa baridi, afungue boliti tatu za pampu, avute kikombe. Uso wake ukiwa bado mweusi, ni kizima. Ukiwa umebaki duara la fedha katikati, badilisha siku hiyo hiyo. Ukiona shimo, ondoka, au kata bei ya kemu na pampu. Ukishanunua, kiangalie kila maili 10,000.

Omba pia risiti mbili. Ya kwanza ni ya mkanda wa taimingi, maana injini hii ina mkanda na kwa maili hizo umri wake umefika. Ya pili, kama gari lina gia ya klachi mbili, ni ya oili na filta ya gia, ambavyo hubadilishwa kila maili 40,000. Kiwango cha oili hiyo kinapimwa injini ikinguruma na oili ikiwa kati ya nyuzi 35 na 45 za Selsiasi. Fundi anayejaza kwa kukisia bila kupima joto, ama anajaza pungufu ama anazidisha.

Matoleo ya baadaye yenye injini ya TSI, herufi CBFA au CCTA, hayana ugonjwa wa kikombe lakini yana wa kikaza cheni ya taimingi, cheni inayochukua nafasi ya mkanda. Washa asubuhi gari likiwa baridi na usikilize: mlio wa cheni wa sekunde chache ni onyo. Cheni ikiruka, vali zinagonga pistoni. Kikaza kipya ni nafuu kuliko injini.

Aina zote mbili hujaza masizi kwenye vali za kuingizia hewa, kwa sababu petroli inapuliziwa ndani ya silinda moja kwa moja na haizioshi vali hizo. Dawa ni kuzipuliza kwa unga wa maganda ya walnati. Kemikali ya kumimina tankini haifiki huko, usipoteze pesa.

Lexus CT 200h je?

Ndiyo. Kati ya hachibaki za kifahari zilizowahi kuuzwa Marekani, hii, ya 2011 hadi 2017, ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu mwenye bajeti ndogo. Chini yake ni Toyota Prius ya lita 1.8, gari la haibridi linaloendeshwa na injini pamoja na betri. Safisha feni ya betri na tundu lake la hewa pembeni mwa kiti cha nyuma, hasa kama mwenye gari ana mbwa, kwa sababu betri ikikosa hewa inachemka na kufa mapema. Kipooza cha gesi ya ekzosi inayorudishwa kwenye injini (EGR) nacho kisafishwe, kwani kikiziba kinaweza kuandamana na kuungua kwa gasketi ya kichwa. Injini ikitetemeka vibaya asubuhi inapowaka, na maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja nje, usinunue.

Naweza kuvuka na Mercedes A250 hachibaki kutoka Toronto? (Msomaji, Buffalo)

Si kwa kuliendesha tu hadi mpakani na kuliandikisha. Halina kibandiko cha usalama cha Marekani, na gari ambalo halijatimiza miaka 25 tangu mwezi lilipotengenezwa kwa kawaida linahitaji kupitia muagizaji aliyesajiliwa. Yaliyofikisha miaka 25 yanaruhusiwa kwa fomu HS-7 (ya usalama) na EPA 3520-1 (ya moshi). Hata hivyo, California ina masharti yake ya moshi. Wengi wameleta gari halali kwa serikali kuu, likakwama kwenye namba ya jimbo.

Nipeleke Volvo V60 yangu ya Boston kwa kaka yangu Mombasa?

Hapana. Kenya haisajili gari la kawaida lenye usukani wa kushoto. Mnunulie ya Japani au Uingereza, na iwe chini ya miaka minane.

Stesheni wagoni zimekwisha kabisa?

Za bei ya kati, karibu zote. Golf SportWagen na wagoni ya 3 Series ziliondoka Marekani 2019, Buick Regal TourX ikafuata 2020. Za bei ya juu zimeletwa: Audi RS 6 Avant kama gari la 2021, kisha BMW M5 Touring kama gari la 2025. Kwa bei hizo faida inatosha kulipia vibali vya gari linalouzika kidogo. Mwenye familia na mshahara wa kawaida hakuwekewa kitu hapo, na hilo linauma.

Lipi zuri, Audi au BMW?

Tuma mwaka, herufi za injini, maili, aina ya gia na risiti. Bila hivyo siwezi kukujibu.