Kenny Rogers, Greatest Hits (1980): kwa anayeuliza aanzie wapi

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Kwanza, mtu anayeijua "The Gambler" peke yake aanzie wapi kwa Kenny Rogers, mwimbaji wa kantri (muziki wa country) wa Marekani. Pili, kama kuanza na mkusanyiko wa vibao ni kumkosea msanii heshima, kwa kuwa wapenzi wengi wa muziki husisitiza albamu kamili. La kwanza jibu lake ni fupi: anza na Greatest Hits ya 1980. Hilo la pili ndilo limenifanya niandike kirefu, maana albamu hii nimekaa nayo tangu enzi za kaseti, na kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake bora kuliko zote.

Kenny alitunga nyimbo chache tu. Kipaji chake kikubwa kilikuwa kuchagua. Aliweza kusikia wimbo wa mtu mwingine, akagundua kuna kisa kimejificha humo, halafu akakisimulia kana kwamba alikishuhudia kwa macho yake. "The Gambler" ni ya Don Schlitz, na wapo walioirekodi kabla yake isivume. "Ruby, Don't Take Your Love to Town" ni ya Mel Tillis. "Lucille" waliitunga Roger Bowling na Hal Bynum. "Lady" aliandikiwa na Lionel Richie, wakati huo Richie bado yuko na bendi ya Commodores. Sasa msanii wa aina hii, ukitaka kumjua, zitazame zile alizozichagua vizuri kuliko zote zikiwa pamoja. Albamu zake nyingine nazipenda, lakini kila moja ina nyimbo mbili tatu nzito na zilizobaki ni za kujazia. Hapa ziko 12, na karibu zote naweza kuzitetea mbele ya yeyote.

Chukua "Lucille", ya 1977. Tuko baa, mjini Toledo, ng'ambo ya stesheni. Mwanamke amekaa kaunta na anavua pete ya ndoa. Msimuliaji anamwona, anasogea, wanaanza mazungumzo. Mara mume anaingia. Ni pande la mtu, viganja vimeota sugu kwa kazi, na msimuliaji anadhani leo ndiyo mwisho wake. Lakini yule bwana hapigi mtu. Anaanza kutetemeka, anamgeukia mkewe na kumwambia kwamba amechagua wakati mbaya wa kumwacha, ana watoto wanne wenye njaa na mazao bado yako shambani. Basi, anaondoka.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia aliyeupanga wimbo huu. Kiitikio ambacho watu wanakiimba kwa furaha kwenye sherehe ni maneno ya yule mume. Mara ya kwanza tunayasikia akiyasema mbele ya mkewe. Baadaye msimuliaji na yule mwanamke wako chumba cha hoteli, mwanamke ni mzuri na amekubali, lakini jamaa anashindwa hata kumgusa kwa sababu maneno yale hayamtoki kichwani. Kiitikio kinarudi, neno kwa neno kama mwanzo, ila sasa mume hayupo, kinapigwa ndani ya dhamiri ya mtu mwingine. Msikilize Kenny anavyoziimba zile beti, sauti iko chini, ina mikwaruzo, haina madoido. Hamlaumu mke, hamtetei mume, wala yeye mwenyewe hajisafishi. Wimbo huo ulimpa tuzo ya Grammy, na ndio uliomweka rasmi kwenye kantri baada ya bendi yake ya The First Edition kuvunjika.

"Ruby" ni ya zamani zaidi, ilitamba 1969, vita vya Vietnam vikiwa vimepamba moto. Mwanajeshi amerudi amepooza miguu, anamtazama mkewe akijipaka rangi ya midomo na kutengeneza nywele ili atoke usiku. Mlango unabamizwa. Anasema angeweza kusogea angechukua bunduki. Midundo haibadiliki hata kidogo, inakwenda vilevile mpaka mwisho huku yeye akimsihi mkewe ageuke. Mimi bado siwezi kuusikiliza nikiwa nafanya jambo lingine.

Halafu kuna Tommy wa "Coward of the County". Baba yake alifia gerezani, na kabla ya kufa alimwapisha mwanawe asije akapigana kama yeye. Tommy akashika kiapo, kijiji kizima kikamwita mwoga. Siku ndugu watatu wa akina Gatlin walipomvamia na kumdhulumu mpenzi wake Becky, Tommy akaenda baa walipokuwa. Wakamcheka. Akageuka kuelekea mlangoni, wakajua anakimbia kama kawaida yake. Alipofika mlangoni akaufunga kwa ndani. Kenny anakitamka kituo kile bila kukisisitiza, kama mtu anayetaja jambo dogo, na nywele zinakusimama. Msimuliaji ni ndugu wa baba yake Tommy, ndiye aliyemlea, ndiyo maana kuna upole fulani ndani ya wimbo wenye ukatili kiasi hicho.

Kuhusu "The Gambler" yenyewe, kwa kuwa unaijua, nakuomba jambo moja tu: sikiliza mwisho wake. Watu wanashika ule ushauri wa karata na kusahau kwamba mzee aliyeutoa, kwa kubadilishana na funda la wiski na sigara, anazima sigara yake, anasinzia ndani ya treni na kufa usiku uleule.

Nyimbo za mapenzi ndizo zinazowagawa wapenzi wake, na naelewa. "You Decorated My Life" na "She Believes in Me" ni laini mno kwa baadhi ya watu. Mimi naziona sawa, hasa hiyo ya pili, ambamo mwanamuziki anarudi nyumbani usiku na kumkuta mtu ambaye bado anaamini ndoto zake. "Lady" ilikuwa mpya kabisa albamu ilipotoka, na ilikaa namba moja kwenye Billboard Hot 100, chati kuu ya nyimbo Marekani, kwa wiki 6. Sikia anavyolitoa lile neno la kwanza, piano tu nyuma yake, bila haraka. "Don't Fall in Love with a Dreamer" aliimba na Kim Carnes, wote wawili sauti za mikwaruzo, na badala ya kugongana zinashikana. "Every Time Two Fools Collide", aliyoimba na Dottie West, nayo nzuri. "Long Arm of the Law" ndiyo ninayoiruka mara nyingi, kisa kipo lakini hakina uzito wa wenzake.

Kwa hiyo kumkosea heshima hapana. Albamu ilishika namba moja Marekani na mauzo yake huko yakavuka nakala milioni 10, na walioinunua hawakuwa wamekosea.

Ukishaizoea, ongezea tatu ambazo hazimo kwenye toleo la Marekani. "Just Dropped In" ya 1968 akiwa na The First Edition, usikie alivyokuwa kabla ya kantri. "Islands in the Stream" ya 1983 na Dolly Parton, iliyotungwa na kundi la Bee Gees, ambayo ilichelewa tu kuzaliwa. Na "Sweet Music Man", ambayo aliitunga mwenyewe. Hiyo ya mwisho ndiyo lawama yangu pekee kwa waliopanga albamu hii: wangeitoa "Long Arm of the Law" wakaiweka hiyo.